Butoni ya blokaji: fasi ya kuiweka ndani ya gari na namna ya kupitisha waya zake

Somo kwa shofere, mekanisie na kamiti za koperative



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumuza juu ya kukata matawi ya kahawa, juu ya kuchachusha kakao, na juu ya daftari za koperative. Leo tunaingia ndani ya kabine ya gari. Sababu yake munaijua. Kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi inapaswa kupita katika mashine ya kumenya siku ileile. Ikilala ndani ya gunia usiku muzima inaanza kuchacha yenyewe, na kesho yake hakuna maji ya kuosha yatakayoondoa harufu ile. Gari ikikwama saa nane za muchana kwenye mutelemuko, hasara inamufikia kila mama aliyechuma, hata kama hajawahi kupanda gari hiyo. Tena katika njia zetu za Beni na Lubero kuko fasi ambazo hakuna mutu anataka giza imukute hapo.

Magari mengi tunayoona mikononi mwa koperative zetu ni Land Cruiser za mukono wa pili. Ingine ilinunuliwa kwa shirika lililofunga miradi yake, ingine ilipita Mombasa, ikapanda Uganda na kuingia kwa Kasindi. Nyingi ya hizo zinakuja na blokaji ya diferansieli ambayo mwenyewe wa kwanza aliongeza. Chuma ndani ya ponti kingali kizima. Lakini waya zimekatwa, butoni imetolewa, ao imerudishwa na mutu aliyekuwa na haraka. Hiyo ndiyo tunataka kutengeneza.

Kwanza, blokaji inafanya kazi gani?

Ndani ya ponti kuna diferansieli. Inaruhusu gurudumu la kuume na la kushoto yazunguke kwa mwendo tofauti, maana kwenye kona gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Bila hiyo mipira ingejikwaruza chini na gari ingekataa kugeuka. Ubaya wake ni huu: inagawa nguvu sawasawa kwa pande mbili, na upande wenye kushika hauwezi kupata zaidi ya ule usioshika. Gurudumu moja likiingia katika potopoto na kuanza kuzunguka bure, lile la pili linasimama tu juu ya udongo mugumu kama mutu anayeangalia kazi ya wengine. Blokaji inafunga diferansieli ili magurudumu mawili yazunguke pamoja, kama vile yamefungwa kwa chuma kimoja.

Kuko blokaji zinazofungwa kwa hewa, sawa zile za ARB kutoka Australia: kompresere ndogo ya umeme inapeleka hewa ndani ya ponti kupitia tiyo nyembamba ya plastiki, na kifuniko cha umeme, yaani valve, kinafungua ao kinaachilia hewa hiyo. Kuko zinazofungwa kwa umeme peke yake, sawa za Eaton, na zile ambazo Toyota mwenyewe aliweka kwenye Land Cruiser fulani tangu kiwanda. Kuko pia zinazojifunga zenyewe bila waya wala butoni. Hizo somo hili haliziangalii. Kamiyo kubwa zinatumia hewa ya freni, lakini mambo tutakayosema juu ya fasi ya butoni yanazihusu pia.

Neno moja kwa kamiti mbele ya kutoa feza. Blokaji haigeuze gari kuwa trakta. Gari iliyolala kwa tumbo, shasi ikiwa imekaa juu ya potopoto, haitatoka hata ukifunga ponti zote mbili. Mipira ikiwa imelika, nunua mipira kwanza. Ukiwa hauna nyororo za magurudumu, kamba ya nguvu na kriki ndefu, tafuta hivyo mbele ya kufikiri kompresere mupya. Tunasema hivi kwa sababu tumeona watu wakinunua kitu cha bei ngumu na kukiweka juu ya gari yenye mipira ya bure.

Goti lililofinya butoni

Gari moja ya koperative ya kahawa ilikuwa ikitelemuka na muzigo, mvua ndogo inaanguka. Juu, kwenye potopoto, shofere alikuwa ametumia blokaji ya nyuma, kisha akaizima vizuri. Lakini aliacha kompresere inawaka, juu alifikiri kuna potopoto ingine mbele. Butoni zilikuwa chini ya tablo, katikati, karibu na leviye ya vitesi. Mekanisie alizipanga pale kwa sababu hapo hapakuhitaji kutoboa tablo. Mbele walikuwa watu watatu. Njia ilipokuwa ngumu na gari ikachukua mwendo, goti la mama aliyekaa katikati lilisukuma butoni ya nyuma. Taa yake ilikuwa imekufa tangu zamani.

Kwenye kona ya kwanza gari ilitaka kwenda moja kwa moja. Shofere alikata volani zaidi, nyuma ikateleza, na gari ikaingia mutaroni. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Mhimili moja wa nyuma ulivunjika, magunia yakalala njiani, na kahawa ile ikauzwa kesho yake kwa bei ya kahawa mubaya.

Jioni kulikuwa mazungumuzo kama haya:

“Papa Prezida, gari ilikataa kukata kona.”

“Ulifinya butoni?”

“Hapana, miye niliizima kule juu. Mama ndiye goti yake ilifinya, na yeye hakujua.”

“Sasa kosa ni ya nani?”

Wengi walisema ni ya mama. Sisi tunasema ni ya yule aliyeweka butoni fasi ambapo goti linafika, na ya yule aliyeacha taa imekufa. Prezida naye, kwa haki yake, alikubali kwamba kamiti ilikuwa imekataa kununua taa ile miezi mitatu mbele yake.

Fasi ya butoni

Kaa kwenye kiti cha shofere, funga mukaba, shika volani kwa mikono miwili. Kila fasi ambayo mukono wako unafika bila kuinua mugongo kwenye kiti ni fasi nzuri ya kuanza kufikiri. Ukihitaji kuinama, macho yanatoka njiani wakati mubaya zaidi, yaani wakati gari inaanza kuteleza.

Kisha ondoa fasi zote ambazo mutu mwingine ao kitu kingine kinaweza kugusa. Katikati chini ni mubaya, tumeshaona. Pembeni ya freni ya mukono ni mubaya, juu shofere anaivuta bila kuangalia. Chini karibu na miguu ni mubaya mara mbili: viatu vinaleta udongo, na kila juma mutu anaosha sakafu ya kabine kwa ndoo ya maji. Juu ya kisanduku cha karatasi, upande wa abiria, watoto wanapenda kuchezea. Karibu na fasi ya kuchajia telefone pia hapana. Mukono unaotafuta telefone gizani unafinya kila kitu.

Katika Land Cruiser nyingi, fasi inayobaki ni juu ya tablo, upande wa volani karibu na mulango, ao pembeni ya saa za mwendo na mafuta. Hapa angalia volani iko upande gani. Sisi tunatembelea kuume mwa njia, lakini magari mengi yaliyopita Mombasa yana volani kuume. Katika gari ya namna hiyo mukono wa kushoto ndio unashika vitesi, na mukono wa kuume unabaki kwa volani. Weka butoni upande wa mukono usioshika vitesi, yaani kwa mulango wa shofere. Katika gari ya volani kushoto, ni kinyume chake. Ukifuata fasi iliyochorwa katika kitabu cha gari ya inchi ingine bila kufikiri hili, utajikuta na butoni mbele ya goti la abiria.

Butoni za namna ya kusukuma upande mumoja na mwingine ni rahisi, lakini zinashikwa kirahisi na nguo. Tafuta zenye kifuniko kinachoinuliwa kwa kidole, ao zile ambazo lazima uvute kidogo mbele ya kuzigeuza. Kama hazipatikane sokoni, mekanisie anaweza kukunja kipande cha bati pande mbili za butoni ili goti lisifike. Ni kazi ya nusu saa.

Andika majina kwa luga ambayo shofere zote wanasoma: HEWA, NYUMA, MBELE. Butoni tatu nyeusi za sura moja bila jina ni mutego. Shofere mupya ataingia siku moja ya haraka, na hakuna mutu atakuwa pale kumuelezea.

Utaratibu wa butoni: hewa, nyuma, mbele

Blokaji ya nyuma inasaidia mara nyingi zaidi na inasumbua kidogo. Ya mbele ni kali. Ukiifunga, volani inakuwa nzito, gari haitaki kugeuka, na ukikata volani kwa nguvu huku unakanyaga mafuta unaweza kuvunja viungo vya mihimili ya mbele. Kwa hiyo waya zipangwe ili mbele isiweze kushika kama nyuma haijashika. ARB wanapanga hivyo katika waya zao, na katika butoni ya kuzungusha ya Toyota ni vilevile: unapita kwanza kwa nyuma, kisha unafika kwa nyuma na mbele pamoja.

Namna ya kufanya ni hii. Chukua plus inayopatikana baada ya kontakti, ile inayokufa ukitoa ufunguo. Ipitishe katika fizible ya ampere 5, kisha iingie katika butoni ya HEWA. Waya inayotoka kwa HEWA inagawanyika mara mbili: moja inaenda kwa rele ya kompresere, ingine inaingia katika butoni ya NYUMA. Inayotoka kwa NYUMA inaenda kwa valve ya nyuma, na tena inaingia katika butoni ya MBELE. Inayotoka kwa MBELE inaenda kwa valve ya mbele. Basi. Ukizima HEWA, vyote vinakufa. Ukitoa ufunguo, vyote vinakufa, na valve zinaachilia hewa. Hii inatuponya na shofere anayesahau, na shofere wote wanasahau.

Kuko kosa moja ambalo tumelikuta mara nyingi, hata kwa mekanisie wenye akili. Kompresere ina kipima hewa kinachokata umeme wakati hewa imeshajaa. Kipima hicho kiwe kwenye waya inayoenda kwa rele peke yake, baada ya ule mugawanyiko. Mutu akichukua umeme wa butoni ya NYUMA baada ya kipima hewa, blokaji inashika vizuri sekunde chache, hewa inajaa, kipima kinakata, na blokaji inaachia katikati ya potopoto. Kisha hewa inapunguka, inashika tena. Shofere anasema ponti imekufa. Ponti iko nzima.

Kwa blokaji ya umeme peke yake hakuna HEWA, lakini utaratibu wa nyuma kisha mbele haubadiliki. Weka rele kwa kila ponti, juu umeme wake ni mwingi kuliko ule wa valve ndogo.

Taa

Kila butoni iwe na taa yake, na taa iwe mbele ya macho ya shofere. Elewa taa inasema nini. Taa iliyofungwa kwenye butoni inasema tu kwamba butoni imefinywa. Haisemi kwamba chuma ndani ya ponti kimeingia. Katika blokaji ya kiwanda ya Toyota kuna kipimo ndani ya ponti: taa inawaka na kuzima wakati blokaji ingali inatafuta fasi yake, kisha inabaki inawaka ikishashika. Kama gari yenu ina mupango huo usiukate. Waya ile inayoonekana haina kazi ndiyo inakuambia ukweli.

Waya za kompresere na hesabu yake

Kompresere inakula umeme mwingi. Chukua mufano wa ampere 20. Umeme wa namna hiyo usipite ndani ya butoni ya kabine. Butoni itaungua, na plastiki ya tablo nayo. Ndiyo maana tunatumia rele. Rele ya kawaida ina namba nne chini yake. Namba 30 inapokea waya nene kutoka batri, kupitia fizible. Namba 87 inapeleka kwa kompresere. Namba 86 inapokea waya nyembamba kutoka kwa butoni. Namba 85 inaenda kwa masi. Kidole chako kinaamuru umeme mudogo, na umeme mudogo unaamuru ule mukubwa.

Fizible ya waya nene ikae karibu sana na batri, upana wa kiganja na si zaidi. Kazi yake ni kulinda waya. Waya ikikwaruzwa kati ya batri na fizible, hakuna kitu kitakachokata umeme, na gari inaungua. Kwa mufano wetu, fizible ya ampere 30 na waya ya milimita 4 za mraba zinaenda pamoja. Fizible ikikatika usiifunge na karatasi ya sigara wala na musumari. Tafuta kwanza ni kitu gani kimeikata.

Sasa unene wa waya. Shaba inazuia umeme kidogo: waya ya metre moja yenye milimita moja ya mraba ina ohm 0,0175. Tuseme kutoka batri hadi kompresere kuna metre 4, na masi inarudi kwa waya, metre 4 zingine. Jumla metre 8. Kwa waya ya milimita 1,5, fanya 0,0175 mara 8, ugawanye kwa 1,5: unapata ohm 0,093. Kwa ampere 20 unapoteza volti 1,9 njiani. Kompresere inapata volti 12 kidogo wakati batri inatoa 14. Inachelewa kujaza na inapata moto. Kwa milimita 4 unapoteza volti 0,7. Kwa milimita 6, chini ya nusu volti. Kama kompresere iko karibu na batri na masi yake ni fupi, milimita 4 inatosha kabisa. Kwa valve na kwa butoni, milimita 1 ao 1,5 inatosha.

Usitumie waya ya nyumba, ile yenye nyuzi moja nene ndani. Inavunjika kwa kutikisika, na inavunjika ndani ya plastiki ambapo haionekane. Tumia yenye nyuzi nyingi nyembamba. Tena sokoni kuko waya yenye rangi ya shaba juu na aluminium ndani. Ikwaruze na kisu: ukiona weupe chini, muzigo huo uache pale. Muuzaji atakasirika kidogo, lakini haizuru.

Jambo lingine la hapa kwetu: urefu wa inchi. Butembo iko kwenye metre 1.700 na zaidi, na hewa ya huko ina uzito wa karibu asilimia 85 ya ile ya pwani. Kompresere inavuta hewa nyembamba, kwa hiyo inachukua wakati zaidi kujaza kuliko kitabu kinavyosema. Washa HEWA mbele ya kufika kwenye potopoto. Usingoje mpaka umekwama.

Na uangalie volti za gari. Fuso na kamiyo zingine zina volti 24, na hata Land Cruiser fulani za zamani. Rele, valve, taa na kompresere zote zilingane na gari. Kuchukua volti 12 kwenye batri moja kati ya mbili ni hila inayojulikana sana, na inaua batri moja mbele ya ingine.

Njia ya waya chini ya gari

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, na ndipo mekanisie anataka kumaliza haraka kwa sababu yuko amelala kwenye udongo. Pitisha waya na tiyo ya hewa upande usio na eshapema. Zifuate shasi kwa juu ao kwa ndani, fasi ambapo fimbo na mawe hayafiki. Zivike tiyo ya plastiki yenye mikunjo. Kila fasi zinapopita ndani ya bati weka kipete cha kauchu. Bati inakata waya polepole kama kisu, na inachukua miezi.

Kutoka shasi hadi ponti ni fasi ngumu zaidi. Ponti inapanda na kushuka, shasi inabaki. Fuata tiyo ya freni: mutu aliyeitengeneza kiwandani alikwisha kuhesabu ule mwendo. Acha urefu wa ziada, kisha inua gari kwa shasi mpaka ponti ining'inie, uangalie kama waya haijavutwa. Usiifunge pamoja na tiyo ya freni kwa nguvu. Ziwe majirani tu. Siku fimbo itashika waya, heri waya ikatike peke yake.

Viungo vya waya vibanwe na kose za kweli, kwa koleo yake, kisha vivikwe kipande kinachokaza kwa moto. Kuzungusha waya mbili kwa vidole na kufunga skochi ni kazi ya kufikia nyumbani tu. Masi: kwaruza rangi mpaka chuma ing'ae, kaza bulone, paka grese juu. Mara nyingi “kompresere imekufa” maana yake ni masi iliyoota kutu.

Valve na rele zikae juu, fasi ya kavu, mbali na moto wa injini. Ukizima blokaji utasikia valve inatoa hewa, pschii. Kama inatoa na mafuta pamoja, kizuizi ndani ya ponti kimeanza kuvuja. Hiyo si kazi ya waya tena. Peleka gari mbele mafuta ya ponti hayajapunguka.

Kupima mbele ya kubeba muzigo

Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua nyuma, weka miguu ya chuma chini ya ponti. Usiamini kriki peke yake. Injini izimwe, vitesi ibaki imeingia, freni ya mukono iachiliwe, ufunguo uwe kwenye kontakti. Zungusha gurudumu moja kwa mukono: la pili linazunguka kinyume. Sasa washa HEWA, ngoja ijae, finya NYUMA. Sukuma gurudumu kidogo mbele na nyuma ili meno yaingie. Likikataa kuzunguka kabisa, blokaji imeshika. Zima: linapaswa kuwa huru tena.

Kisha chukua multimetre. Injini inazunguka, kompresere inafanya kazi. Pima kwenye batri, pima kwenye kompresere. Tofauti ikizidi volti moja, tafuta waya nyembamba ao masi mubaya.

Kwa shofere, njiani

Finya mbele ya kuingia potopoto, gari ikiwa imesimama ao inatembea mwendo wa mutu wa miguu, vitesi fupi ya 4x4 ikiwa imeingia. Gurudumu likiwa linazunguka kwa nguvu, ondoa mguu kwenye mafuta kwanza. Ukifinya wakati huo unavunja meno. Kwenye njia inayolala upande mumoja, fikiri mara mbili, juu magurudumu mawili yakiteleza pamoja gari nzima inatelemukia bondeni. Ukitoka, zima palepale. Ikikataa kuachia, usiogope: rudi nyuma metre moja ao cheza na volani kidogo, chuma kinalegea. Kwenye njia ngumu ya kavu blokaji haina kazi hata kidogo, na kwenye kona inaweza kukupeleka ambapo haukupanga.

Maulizo ya kuzungumuza katika mukutano wa koperative

Katika gari yetu, nani anakaa karibu na butoni, na goti lake linafika wapi? Taa zote zinawaka? Ni shofere wangapi wanaoruhusiwa kutumia ya MBELE, na nani aliwaonyesha? Ndani ya gari kuko fizible za akiba za ampere 5 na 30, rele moja, na kipande cha tiyo ya hewa? Mekanisie alituachia muchoro wa waya kwenye karatasi, ao muchoro uko kichwani mwake peke yake?